Akili na Imani: Nani Aliyezigombanisha?

Limezuka swali katika miji yetu ya pwani, nalo si geni duniani ingawa kwetu linakuja na sura ya ugeni. Vijana wetu waliokwenda vyuo vikuu, na wengine ambao hawakwenda kokote ila wana simu mikononi, wanauliza: je, mtu mwenye akili timamu, anayetaka kila jambo lithibitishwe, aweza kumwamini Mungu asiyemwona? Au ni lazima achague moja, ama akili yake ama dini ya wazee wake? Wanaouliza si wahuni. Aghalabu ni watoto wa watu, waliokhitimu misahafu yao, na baadhi yao wangali wakifunga Ramadhani kwa kuwastahi mama zao.

Jawabu wanalopewa barazani ni moja tu. "Astaghfirullahi, mwanangu, usikufuru!" Basi, mazungumzo yamekwisha, kahawa inamiminwa, inaletwa habari ya mpira. Kijana hunyamaza. Wazee hudhani amesadiki, naye hudhani ameshinda kwa kuwa ameona hawana la kumjibu. Wote wawili wamekosea.

Sisi katika ukurasa huu twasema kuwa ugomvi wa akili na imani haukutoka katika dini yetu. Wanaoutilia kuni ni watu wa pande mbili wanaodhani wanapingana, kumbe wamekubaliana jambo moja, nalo ni kwamba khabari ya Mungu haistahimili kuulizwa. Huyu asema hivyo kwa khofu, yule kwa dharau.

Tuanze chuoni, maana huko ndiko wengi wetu tulikoanzia. Kila aliyekaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu wa zamani anazikumbuka sifa ishirini za Mwenyezi Mungu: wujudi, qidamu, baqaa na zinazofuatia. Tulizighani kwa sauti moja, bakora ikiwa pembeni, na aliyeruka moja alijua la kumpata. Wachache mno walielezwa sifa hizo zimepangwaje na kwa nini. Zatoka katika elimu ya tauhidi ya wanavyuoni wa Kiash'ari, na aliyezifunga katika kitabu kidogo kinachosomwa tangu Maghribi mpaka visiwa vya Indonesia ni Imamu Sanusi wa mji wa Tlemcen, katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 1490. Baadaye Sheikh Ahmad al-Marzuqi wa Makka akazitia katika mashairi, nayo ndiyo ile Aqidatul Awamu ambayo watoto wetu wangali wakiihifadhi.

Sasa angalia ajabu. Kitabu cha Sanusi, baada ya kumshukuru Mungu na kumsalia Mtume, hakianzi kwa kutisha wala kwa kuamrisha. Chaanza na hukumu za akili. Chasema kuwa mambo mbele ya akili ni matatu: lililo wajibu, ambalo akili haiwezi kulikanusha, lililo muhali, ambalo akili haiwezi kulikubali, na lililo jaizi, ambalo akili yaona laweza kuwa na laweza kutokuwa. Kwa mfano wa kwetu, jahazi ama limesimama ama linakwenda. Kuwa na moja katika hayo mawili ni wajibu, kuyakosa yote mawili kwa wakati mmoja ni muhali, na kuwa saa hii limetia nanga Lamu au liko safarini kuelekea Mombasa ni jaizi. Kisha, kwa vipimo hivyo vitatu, kitabu chapanda ngazi kwa ngazi, na kila sifa yapewa burhani yake. Wala hakumwendei Mtume wala Kitabu ila baada ya kuthibiti kuwa yuko Mwenye kutuma.

Burhani ya kwanza yajulikana. Ulimwengu wabadilika, na chenye kubadilika kina mwanzo, na chenye kuanza baada ya kutokuwapo hakikujianzisha chenyewe. Kijana wetu huruka hapo hapo na kuuliza, "Na aliyemuumba Mungu ni nani?" Mzee hukasirika. Angekasirika kwa lipi, na jawabu limo katika sifa ya pili aliyoighani mwenyewe tangu ana miaka saba? Qidamu, yaani kutokuwa na mwanzo. Hoja haikusema kuwa kila kilichopo kina aliyekianzisha. Ilisema kila chenye kuanza. Ukisema kila mwanzilishi naye ana wake, na wa wake, pasi na kikomo, utakuwa kama mtu anayeeleza jinsi pete za mnyororo zilivyoshikana asiseme mnyororo umetundikwa wapi.

Na kama mtu atakataa kuwa ulimwengu una mwanzo? Wako waliokataa, na wakubwa. Ibn Sina, tabibu aliyeishi baina ya mwaka 980 na 1037, alidhani ulimwengu haukuanza katika zama yoyote, na juu ya hayo akashikilia kuwa wahitaji wa kuutegemeza. Mwanga wa taa, hata ungekuwako tangu azali, bado ungekuwa mwanga wa taa. Hoja yake iko mbali na ile ya Sanusi, na mtu aweza kuipinga moja akaikubali nyingine. Sisi hatusemi kuwa hoja hizi zamlazimisha kila mtu kama hesabu ya mbili na mbili. Wako mahodari waliozisoma wasikinaike. Tusemalo ni kuwa mtu hawezi kudai kuwa akili imeikanusha dini ilhali hajazipitia hoja ambazo watu wa dini wenyewe walizitengeneza kwa akili.

Liko jambo jingine ambalo masheikh wetu walijua lakini hawakuligusa mbele ya makurutu. Wanavyuoni hao waliulizana juu ya imani ya mtu anayeamini kwa kufuata tu, bila ya dalili yoyote, ambaye humwita muqallid. Je, imani yake yafaa? Wako waliosema yafaa. Wako waliosema yafaa lakini ana dhambi, maadamu ana uwezo wa kufikiri na amezembea. Na wako waliokaza zaidi ya hapo, wakaitilia shaka imani yenyewe. Basi kijana anayetaka dalili hajatoka nje ya chuo. Amerudi kwenye mlango wa kwanza wa somo ambalo sisi tuliliimba tukaliacha hapo.

Wakitajwa watu wa akili na imani, hawakosi kutajwa mabwana wawili, aghalabu na watu wasiowasoma. Wa kwanza ni Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, akawekwa kufundisha katika Nizamiya ya Baghdad mwaka 1091, umri wake ukiwa miaka thelathini na kitu. Sisi twamjua kwa Ihyaa. Wengine wamjua kwa sifa mbaya, kwamba ndiye aliyeiua akili katika Uislamu. Uzushi mtupu! Kweli alitunga kitabu, Tahafutu al-Falasifa, akawakabili wanafalsafa katika masuala ishirini, na katika matatu akawahukumu ukafiri: kuwa ulimwengu ni wa azali, kuwa Mungu hajui jambo moja moja, na kuwa miili haitafufuliwa. Lakini aliwakabili kwa nini? Kwa mantiki yao wenyewe, akiwaonyesha kuwa masharti ya burhani waliyoyaweka wao hawakuyatimiza. Huyu ndiye aliyeandika vitabu vya mantiki, na katika kitabu chake cha usuli wa sheria akaitanguliza mantiki na kusema kuwa asiyeijua elimu yake haiaminiki. Muuaji wa akili hafanyi hivyo.

Na aliipima akili kuliko wanaojigamba nayo leo. Katika kitabu alichoeleza maisha yake amesimulia kuwa alipatwa na shaka kubwa, karibu miezi miwili hakuwa na uhakika wa kitu. Aliyatazama macho: kivuli huonekana kimesimama, kumbe chatembea, nyota huonekana kama dinari, kumbe hesabu yathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akili imeyasuta macho. Sasa ni nani ajuaye kuwa hakuna hakimu mwingine nyuma ya akili, ambaye akidhihiri ataisuta akili kama ilivyoyasuta macho? Hakutoka katika shaka lile kwa kupanga maneno. Asema alitolewa na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Na nuru ile ilipoingia ilifanya kazi gani? Ilimrudishia imani yake katika hukumu za akili. Nakuomba, msomaji, usome tena hapo, maana watu wengi hudhani nuru ile ilimtoa katika akili.

Wa pili ni Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi mwana wa kadhi, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki 1198. Alimjibu Ghazali kitabu kwa kitabu. Mashuhuri katika ushindani wao ni habari ya pamba. Ghazali alisema: ukisogeza pamba kwenye moto ikaungua, macho yako yameona kuungua pamoja na moto, hayakuona kuungua kwa moto. Mungu ndiye anayeumba kuungua, naye akitaka hataumba. (Mskochi David Hume, aliyekuja zaidi ya miaka mia sita baadaye wala hakuwa mtu wa dini, alisema jambo la karibu na hilo, na Wazungu wakalistaajabia sana.) Ibn Rushd akajibu kuwa mwenye kuondoa sababu za vitu ameiondoa akili yenyewe, kwa kuwa akili si kitu kingine ila kuvitambua vitu kwa sababu zake. Na katika kitabu kingine, kifupi, akatoa kauli ya kikadhi: kuwa sheria imetuamrisha kuvizingatia viumbe, na kuzingatia kwa ukamilifu ni kwa burhani, na kwamba haki haiwezi kupingana na haki. Ikitokea aya kwa dhahiri yake yapingana na lililothibiti kwa burhani, basi aya hiyo ina taawili, na ni kazi ya wenye elimu kuitafuta kwa kanuni za lugha ya Kiarabu.

Maoni yetu? Katika pamba twamwona kadhi ana nguvu zaidi, kwa kuwa hakuna tabibu wala nahodha awezaye kuishi siku moja bila ya kutegemea sababu. Lakini mwenye kusema kuwa Ghazali hakuona kitu hajaufahamu utata wenyewe. La muhimu ni kuwa mabwana hawa walikhitilafiana juu ya akili hufika wapi. Hawakukhitilafiana kama itumike. Na tusifiche kuwa mwaka 1195 Ibn Rushd, katika uzee wake, alifukuzwa mjini akapelekwa Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto. Waislamu walimfanyia hayo Mwislamu.

Katika utangulizi wa kitabu kile kile cha kuwapinga wanafalsafa, Ghazali ana maneno juu ya kupatwa kwa jua ambayo yangefaa kubandikwa mlangoni mwa kila madrasa. Maana yake ni kwamba kupatwa kwa jua na mwezi kumethibiti kwa hesabu isiyo na shaka. Anayesimama kuwapinga wenye hesabu hiyo akidhani anaitetea dini ameidhuru dini, kwa sababu mtu aliyekwisha kuijua hesabu ile akiambiwa yapingana na sheria hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka sheria. Miaka zaidi ya mia tisa imepita tangu kuandikwa hayo. Tazama vijana wetu wanavyoondoka mmoja mmoja, kisha useme kama hakutabiri.

Naye hakuyazua. Alikuwa na msingi kutoka kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.). Mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Mariya, alifariki angali mchanga, katika mwaka wa 10 wa Hijra, na siku hiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wakirudisha hesabu nyuma hukuta kuwa jua lilipatwa tarehe 27 Januari mwaka 632, na wengi huiona kuwa ndiyo siku hiyo. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Mtume akasimama akawakataza. Akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mkiona hivyo, salini na muombe.

Fikiri kidogo juu ya mzazi yule. Mtoto wake wa kiume amezikwa, macho yana machozi, na mji mzima wamwambia kuwa mbingu zimevaa kaniki kwa ajili yake. Mtu mwongo angenyamaza tu. Wala hakuwa na haja ya kusema uwongo, kunyamaza kungetosha, na wafuasi wangezidi. Yeye akawaondolea watu itikadi iliyokuwa yamfaa. Kisha, na hapa ndipo panapotakiwa mazingatio, baada ya kuwaambia kuwa halihusiani na kifo cha mtu, hakuwaambia basi nendeni majumbani. Aliwasalisha. Sala yenyewe ni ndefu, ina rukuu mbili katika kila rakaa, na sisi Mashafii twaijua. Kujua kuwa jambo lina mwendo wake na kumsujudia aliyelipa mwendo huo ni mambo mawili yaliyokaa mahali pamoja, katika saa moja, kwa mtu mmoja. Anayesema hayakai pamoja na atuonyeshe yaligongana wapi siku ile.

Wakazi wa pwani wenye umri wa makamo wanaikumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Februari mwaka 1980, kabla ya adhuhuri, kivuli cha mwezi kilipopita nchi ya Tsavo kikatokea baharini kwetu. Lugha yetu yasema jua "limepatwa", kana kwamba limekamatwa na mtu njiani, na wako waliojifungia ndani siku hiyo na watoto wao. Wataalamu waliokuja na darubini zao walikwisha kuijua saa na dakika tangu zamani. Misikitini ikasaliwa. Mwenye darubini hakumharibia mwenye kusujudu, wala mwenye kusujudu hakumzibia mwenye darubini.

Tukiwakemea wenye kuikimbia elimu, twapaswa kuwakemea pia wenye kuikumbatia kwa pupa. Kuna vijitabu na kanda, na siku hizi picha za simu, ambazo kila Wazungu wanapogundua kitu huja mbio kutuambia kuwa kilikuwamo katika Kurani. Ajabu ni kuwa hawakioni mpaka Mzungu akione kwanza. Nadharia ya leo ikibadilika kesho, na nadharia hubadilika, aya itapelekwa wapi? Padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyetoa mwaka 1927 na 1931 fikra za kuwa ulimwengu wapanuka na kwamba ulianza katika hali ndogo iliyosongamana. Leo wataalamu huukadiria umri wake kuwa miaka bilioni 13.8. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliitaja elimu hiyo kama ushahidi wa kuumbwa kwa ulimwengu. Tungedhani padri angeshangilia. La, hakupendezwa, kwa kuwa aliona kuwa elimu ya nyota ina njia yake, na imani haifai kutundikwa kwenye msumari ambao fundi mwingine aweza kuja kuung'oa. Masheikh wa vijitabu wangejifunza kitu kwa padri huyo.

Hata hivyo nyota hazijapata kuwa swali gumu. Swali gumu ni la mama aliyekaa mbele ya kitanda cha hospitali, mtoto wake wa miaka mitatu ameondoka, naye auliza kwa nini. Hapo ndipo vijana wengi waliposhikwa, wala si katika vitabu vya falsafa. Na hapo ndipo jawabu za haraka huudhi zaidi.

Husimuliwa kuwa Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye madhehebu yetu ya itikadi yaitwa kwa jina lake, alikuwa mwanafunzi wa Jubbai, mkubwa wa Mu'utazila wa Basra. Mu'utazila walishikilia kuwa Mungu hamfanyii mja ila lililo bora kwake, na kuwa akili yaweza kulionyesha. Mwanafunzi akauliza juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mwema, mmoja alikufa mwovu, mmoja alikufa mtoto. Yule mtoto akisema, "Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nikatenda mema, nikapata daraja ya ndugu yangu?" Mwalimu akajibu: ataambiwa, nilijua ukikua utaasi, basi kufa kulikuwa bora kwako. Mwanafunzi akasema: na yule mwovu akipiga ukelele kutoka motoni, "Mbona mimi hukuniua mtoto?" Mwalimu akanyamaza.

Wataalamu wa tarikh wana shaka kama mazungumzo hayo yalikuwa hivyo hasa. Lakini fahamu kuwa ndiyo hadithi ambayo watu wa madhehebu haya wameichagua wenyewe kuwaeleza watoto wao asili yao. Asili yao ni mwanafunzi aliyemuuliza mwalimu swali ambalo mwalimu hakuweza kulijibu! Na al-Ash'ari alipotoka kwa Mu'utazila hakuiacha akili, kwani aliishi akijadiliana mpaka alipofariki karibu na mwaka 935. Aliacha dai moja, la kuwa akili yaweza kumwekea Mungu daftari na kumkagua. Basi tumwambie kijana ukweli: juu ya mtoto aliyekufa, hatuna hesabu inayofunga. Wahenga wa dini hii walilikiri hilo zaidi ya miaka elfu iliyopita. Tuliyo nayo ni subira, na dua, na watu wa kukaa nawe matangani. Akili inayojua mahali inapokoma haijashindwa. Hata baharia ana ramani yenye ukingo, wala haitupi kwa sababu hiyo.

Huenda msomaji akasema haya ni maneno ya watu walioshiba. Sivyo. Kuanzia Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wadogo. Waliookoka walisimulia kuwa waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Hapakutumika upanga kwa wengi wao. Palitumika neno: usiulize. Na tusijitie kunyoosha kidole kwa jirani, maana vijana wa Kiislamu wa pwani hii hii nao walichukuliwa kwa neno lilo hilo, wakavushwa mpaka kwenda kupigana Somalia, na mama zao hawakuletewa hata maiti. Waliowachukua hawakuwapata vijana waliozoea kusema, "Sheikh, dalili iko wapi?" Waliwapata waliofundwa tangu utotoni kuwa kuuliza ni kufuru. Sisi ndio tuliowafunda hivyo, kwa bakora na kwa astaghfirullahi. Aliyefungiwa akili yake asimkufuru Mungu, ufunguo huchukuliwa na yeyote mwenye sauti kubwa.

Pwani hii ilipata kuwa na watu wa mwendo mwingine. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alianza kutoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasome elimu za dini na za dunia, na akiyapiga vita mambo ya ushirikina yaliyovalishwa kanzu. Alifika kuwa Kadhi Mkuu, na alifariki 1947. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, naye Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, na aliyekuwa akisikia sauti tu akaanza kusikia maneno. Wote wawili walitukanwa na waliopenda mambo yabaki yalivyo. Kama wangeogopa maswali wasingeandika.

Twapendekeza basi jambo dogo, lisilohitaji mfadhili. Kila msikiti wenye darsa uitenge jioni moja kwa mwezi, baina ya magharibi na isha, iwe ya maswali, na muulizaji asiulizwe ni mtoto wa nani. Sheikh asiyejua aseme Allahu aalam, neno ambalo wanavyuoni wakubwa hawakulionea haya, kisha aende akatafute. Na zile sifa ishirini zisomwe pamoja na burhani zake, kwa Kiswahili, na mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani aalikwe akae kwenye mkeka asikilize na kusema.

Fursa nzuri ya kujaribu iko njiani. Jumatatu tarehe 2 Agosti mwaka 2027 jua litapatwa. Kivuli kamili kitapita kusini mwa Misri, kitaufunika mji wa Makka mchana, kisha kitashuka Yemen na ncha ya Somalia, na sisi huku pwani tutaliona likiliwa upande mmoja. Hesabu yake imekwisha kupigwa hadi sekunde. Maimamu wana wasaa wa kutosha kutangaza sala, na walimu wana wasaa wa kutosha kuwaeleza watoto kivuli kile ni cha nini. Tungependa kuona tangazo la wote wawili kwenye ubao mmoja.